NURU YA MNYONGE NDIYO GHALI

Katika mambo yanayomkaba mwananchi koo siku hizi liko moja ambalo majukwaani halisemwi sana, nalo ni ghali ya moto wa jikoni na ya taa ya usiku. Majukwaani husemwa khabari za viti, na kura, na katiba. Hayo ni mambo makubwa, wala hatusemi yaachwe. Lakini mama aliyekaa mbele ya seredani yenye kopo moja la makaa, akipima kwa macho kama litaivisha maharage au litazimika njiani, huyo naye ana suala lake, na suala lake halingoji uchaguzi. Chama kisichojua bei ya makaa hakimjui mtu wake.

Makala haya yatoka mbali nanyi, yatoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika mji wa Ujiji na jirani yake Kigoma, ambako mwandishi wenu ana duka dogo la chakula, sabuni na mafuta. Msiseme, “Yatuhusu nini sisi watu wa visiwani khabari za mwisho wa reli?” Yakuhusuni sana. Nitaeleza, nanyi mtapima wenyewe.

KISIWA CHA NCHI KAVU

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na wengi hudhani kuwa palipofika reli zamani hivyo, kila neema nyingine ilifuata upesi. Sivyo. Kwa upande wa umeme, Kigoma ilikaa miaka mingi kama kisiwa kilichozungukwa na nchi kavu. Nyaya za gridi ya taifa hazikufika huku. Umeme wetu ulitokana na mitambo ya dizeli, na dizeli yenyewe ilisafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kabla ya kutia cheche katika mtambo. Uniti moja iligharimu kuizalisha kuliko ilivyouzwa, na pengo hilo likabebwa na shirika la umeme, yaani na taifa zima. Mafuta yalipochelewa, mji uligawiwa giza kwa zamu: leo mtaa huu, kesho mtaa ule.

Nyinyi wa visiwani mwayajua haya kuliko yeyote. Pemba nayo iliishi kwa mitambo ya dizeli mpaka mwaka 2010 ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Na Unguja, ambayo ilipata waya wake kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba mwaka 1980, ilionja ubaya wa kutegemea uzi mmoja: mwezi mzima wa giza mwaka 2008, kisha giza jingine kubwa zaidi, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa pili wenye uwezo wa megawati 100 haukuja ila mwaka 2013. Katika miezi ile ya giza mwenye fedha alinunua jenereta, na asiye nazo akarejea kwenye kibatari, na makaa yakapanda bei siku ambayo kila mtu aliyahitaji. Basi kisiwa chetu cha nchi kavu na visiwa vyenu vya bahari vina mkasa mmoja: aliye mbali na chanzo hulipa zaidi, na hungoja zaidi.

Mwaka 2022 mkoa wa Kigoma ulianza kuunganishwa na gridi ya taifa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alifika mkoani, jambo hili likiwa miongoni mwa yaliyotangazwa kwa shangwe. Uko mradi wa njia kubwa ya umeme wa kilovolti 400 kutoka Nyakanazi, na uko mradi wa maporomoko ya Igamba katika mto Malagarasi wa megawati 49.5. Huko Rufiji bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo 9 na jumla ya megawati 2,115 lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Haya ni mema, na mwenye insafu hayakanushi. Lakini kwa sababu umeme sasa upo, lile swali la zamani, “Umeme uko wapi?”, halitoshi tena. Swali la leo ni hili: Je, umeme huu unamfikia nani, na kwa bei gani?

HESABU YA UNITI

Tuliosoma chuoni tulifunzwa, kabla hata ya kujua hesabu za kugawanya, kwamba mizani ni amana, na kwamba ole wake apunjaye. Basi natupime.

Kwa agizo la bei la mwaka 2016 la mamlaka ya udhibiti, EWURA, wateja wa majumbani wa Tanzania Bara waligawanywa madaraja. Daraja la chini, liitwalo D1, ni la mwenye kutumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Huyo alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Zikizidi 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Daraja lililo juu yake, T1, ni la mwenye matumizi makubwa zaidi, naye alipangiwa shilingi 292 kwa uniti tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Aliyezoea kuvuka mpaka hutolewa daraja la kwanza akatiwa la pili.

Nia ya mpango huu ni njema: kumsaidia mnyonge mwenye taa mbili na redio. Lakini itazameni nia hiyo inapoingia katika nyumba za Ujiji, au za Ng'ambo kwa mfano wake. Nyumba moja ina vyumba vitano, na kila chumba kina mpangaji wake. Mita ya luku ni moja. Kila mpangaji atumia uniti 20 kwa mwezi: taa, simu, redio, pengine feni wakati wa joto. Kila mmoja wao peke yake ni mnyonge wa daraja la chini kabisa. Lakini mita haijui idadi ya watu. Mita yajua jumla. Tano mara 20 ni uniti 100, na 100 imezidi 75. Basi nyumba nzima yatiwa katika daraja la T1.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Mpangaji yule angekuwa na mita yake mwenyewe, uniti zake 20 zingekuwa shilingi 2,000. Katika mita ya shirika alipa shilingi 5,840. Wote watano walipa 29,200 badala ya 10,000. Na jirani yao mwenye nyumba ya peke yake, mwenye jokofu na televisheni, akijibana asivuke uniti 70, yeye hulipa shilingi 100 kwa uniti. Mwenye jokofu anunua uniti kwa shilingi 100, na mwenye taa moja chumbani anunua uniti ile ile kwa 292. Bei ya mnyonge imemwendea asiye mnyonge, na mnyonge mwenyewe analipa karibu mara tatu. Hakuna mtu aliyekusudia dhulma hii; imetoka katika mpango ulioandikwa na watu wasiojua nyumba za kupanga zinavyokaliwa. Lakini dhulma isiyokusudiwa huuma vile vile.

“Basi kila mpangaji na atafute mita yake,” atasema mtu. Ni neno jepesi. Mapema mwaka 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme, ambayo ilikuwa imeshushwa kuwa shilingi 27,000, ilirejeshwa mijini kuwa shilingi 320,960 kwa aliye karibu na nguzo. Ile 27,000 ikabaki kwa vijiji. Mchukuzi wa bandarini Kigoma, au mama auzaye dagaa Kibirizi, atatoa wapi fedha hiyo kwa nyumba isiyo yake, ambayo mwakani pengine atafukuzwa?

KODI YA JENGO JUU YA ASIYE NA JENGO

La pili ni hili. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo Tanzania Bara imekuwa ikikatwa kwa njia ya luku. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ikawa shilingi 1,500, ambayo ni 18,000 kwa mwaka. Kukusanya kodi kwa njia nyepesi si kosa, na nchi bila kodi haijengeki. Tatizo ni kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, ilhali anunuaye luku ni yule akaaye ndani. Mpangaji aweka shilingi 2,000 apate taa ya wiki. Mita yamla 1,500 kwanza, na taa yabaki ya shilingi 500.

Tuliambiwa kuwa mpangaji amdai mwenye nyumba, wakatane katika kodi ya chumba. Naam, kwenye karatasi yawezekana. Lakini nani asiyejua khabari za mpangaji na mwenye nyumba? Mmoja ana ufunguo, mwingine ana virago. Anayeomba arudishiwe shilingi 1,500 huogopa asije kuambiwa atafute chumba pengine. Haki ambayo mnyonge lazima aiombe mlangoni kwa mkubwa wake haijawa haki bado, imekuwa hisani.

JIKO NALO

Sasa tuingie jikoni, maana taa ni sehemu ndogo ya gharama. Moto wa kupikia ndio ulao mfuko. Huku kwetu wengi wapika kwa makaa na kuni, kama kwenu. Vilima vilivyo juu ya ziwa, kutoka Kigoma kwenda kaskazini hadi mipaka ya Gombe, vimevuliwa miti, na mvua ikinyesha udongo hushuka ziwani. Bibi Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 kwa ajili ya masokwe, aliona vilima hivyo vikiwa vitupu, na taasisi yake ikaanzisha mwaka 1994 kazi ya kupanda miti pamoja na wanavijiji, iitwayo TACARE. Msitu unaporudi nyuma, gunia la makaa husafiri zaidi, na kila kilomita yaongezwa katika bei.

Serikali imetoa mkakati wa miaka kumi, wa 2024 hadi 2034, wenye shabaha ya kuwa asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Shabaha ni nzuri. Moshi wa kuni hauna chama. Huingia mapafuni mwa mama wa chama chochote. Lakini tulinganishe shabaha hii na ile hesabu ya uniti. Chungu cha umeme cha kupikia kwa mvuke huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa mwenye kulipa shilingi 100 kwa uniti, maharage hayo huiva kwa chini ya shilingi 100, kabla ya kodi. Hapana makaa yanayoweza kushindana na bei hiyo. Kwa mwenye kulipa 292, ushindani waanza kuwa mgumu. Na yule wa daraja la chini akisadiki maneno ya mkakati, akaacha makaa, akapika kila siku kwa umeme, uniti zake zitavuka 75, naye atapandishwa daraja. Mkono mmoja wamwita aje, na mkono wa pili wamsukuma atoke.

Jirani zetu wa Uganda waliliona jambo hili. Tangu mwaka 2022 mdhibiti wao alipanga kuwa uniti za kati ya 81 na 150 kwa mwezi zitozwe bei ndogo kuliko nyingi zilizo chini yake, shilingi 412 za Uganda, makusudi ili anayeanza kupikia umeme asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Kama Kampala wameweza kuandika sharti moja la namna hiyo katika karatasi ya bei, hapana muujiza unaohitajika Dodoma wala Unguja.

Kuna gesi pia. Gesi ni safi, nayo huwaka upesi, na mtungi mdogo wa kilo 6 umeingia nyumba nyingi, mwingine kwa kununuliwa, mwingine kwa kugawiwa siku za mikutano. Lakini nawaambia kama muuza duka: mitungi mingi iliyogawiwa imekaa pembeni ya jiko ikiwa mitupu, imewekewa kikapu cha vitunguu juu yake. Kwa nini? Kwa sababu makaa hununuliwa kwa kopo na gesi hununuliwa kwa mtungi mzima. Mwenye kipato cha siku hawezi kungoja akusanye fedha ya mwezi. Dar es Salaam na Nairobi imewahi kuonekana mitungi yenye mita, ambayo mtu hulipia kidogo kidogo kadiri atumiavyo. Huo ndio ufahamu wa maisha ya watu. Anayetoa mtungi bila kufikiri juu ya siku ya pili ya kuujaza, ametoa picha ya gesi, hakutoa gesi.

JE, TWAWEZA KUMHAMA MUUZAJI?

Katika nchi nyingine mtu asiyeridhika na bei ya umeme humwacha muuzaji mmoja akaenda kwa mwingine. Uingereza wamefanya hivyo tangu mwisho wa miaka ya 1990. Nyumba hiyo hiyo, waya huo huo, lakini ankara yatoka kwa kampuni nyingine. Wapo wanaosema kuwa dawa yetu ni hiyo. Mimi nasema tusikimbilie. Bei ya gesi ilipopanda duniani mwaka 2021, makampuni mengi madogo ya Uingereza yalifilisika kwa mfuatano, na wateja wao wakahamishwa kama mbuzi kutoka zizi hadi zizi. Soko nalo lina giza lake.

Kwetu, mteja wa Ujiji ana TANESCO, na mteja wa Unguja na Pemba ana ZECO, ambayo nayo umeme wake hununua TANESCO. Hapana mlango wa pili wa kubisha. Mwezi wa Juni 2014 ilitolewa ramani ya mageuzi ya kuligawa shirika la bara, uzalishaji mbali na usambazaji mbali, kwa hatua zilizokusudiwa kumalizika 2025. Mwaka huo umefika, na mteja wa Ujiji hakupewa uchaguzi wowote. Uganda walimbadili msambazaji: tarehe 31 Machi 2025 mkataba wa kampuni ya Umeme ulikwisha, na shirika la dola, UEDCL, likashika kazi. Lakini hata huko aliyebadili ni serikali. Mteja alilala na muuzaji mmoja akaamka na mwingine.

Basi mnyonge asiyeweza kumhama muuzaji hana ila silaha mbili: ya kwanza ni kubadili kitu anachounguza, na ya pili ni sauti yake akiwa pamoja na wenzake.

Silaha ya kwanza imekwisha kutumiwa kwa ushujaa na wavuvi wetu wa dagaa. Wavuvi hawa huvua usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta dagaa juu. Zamani waliwasha kuni mbele ya mtumbwi. Tangu miaka ya 1950 zikaenea karabai za mafuta ya taa. Kisha mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, ili kuwazuia wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Wezi walikuwa wachache wenye malori. Adhabu ilimwagwa juu ya kila kibatari na kila karabai. Nani aliyekwenda kumuuliza mvuvi wa Katonga au bibi wa kijijini asomeshaye wajukuu kwa kibatari? Hapana. Lakini wavuvi hawakukaa kulia. Pole pole wakaziacha karabai wakashika taa za betri, na leo ukisimama ufukweni usiku usio na mwezi, waona ziwa limewaka nuru nyeupe isiyo na harufu ya mafuta. Wamemhama muuzaji bila ya kungoja sheria.

Walakini ushujaa una mpaka wake. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaana, pato la nyumba nyingi lilisimama. Mita haikusimama, na makaa hayakushuka. Mwenye akiba alipita. Asiye nayo alikopa dukani. Mtu mmoja mmoja aweza kuwa hodari, lakini hodari wa peke yake huchoka.

UCHACHE NDIO UNAOGHARIMU

Hapa lazima niseme neno juu ya sisi wenye maduka, maana mwenye kutaka insafu haanzi na jirani yake. Mnyonge hununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiko kulikoghali. Gunia la makaa likigawanywa kwa makopo, jumla ya makopo hupita bei ya gunia kwa mbali. Mafuta yakipimwa kwa kijichupa, lita yake ni ghali kuliko lita ya mwenye dumu. Faida ya halali si haramu. Muuzaji naye ana watoto. Lakini kopo lililobonyezwa kitako, na gunia lililojazwa vumbi katikati, hayo si biashara. Anayelalamikia mita ya shirika huku kopo lake lina kitako kilichoingia ndani, huyo hana ulimi wa kusemea.

Na nyinyi wanunuzi, kwa nini nyumba kumi za mtaa mmoja zinunue makopo kumi kila asubuhi, badala ya kununua gunia moja na kuligawa kwa mizani? Wavuvi hununua nyavu kwa shirika. Akina mama wana vikoba vyao na mchezo wa kupeana. Fedha hiyo hiyo ya mchezo yaweza kujaza mtungi wa gesi wa fulani wiki hii na wa fulani wiki ijayo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba za watu kumi hukijaza upesi zaidi.

LINALOTAKIWA

Basi, Ndugu Wanachama, kulaani giza hakutoshi. Haya ndiyo ambayo kila tawi laweza kuyashika, bara na visiwani, kila mahali kwa namna ya mahali pake.

Kwanza, kila mwenye mita asome risiti yake. Aangalie daraja alilowekwa, uniti alizopata, na kila kilichokatwa. Wako watu wenye haki ya daraja la chini ambao hawajui kuwa madaraja yapo. Katibu wa tawi anayejua kusoma na awakalishe watu jioni moja awasomee risiti zao. Jioni hiyo itafaa kuliko hotuba tatu.

Pili, tudai kwamba nyumba ya wapangaji ihesabiwe kwa idadi ya nyumba zilizomo, siyo kwa mita iliyo ukutani. Ama mpangaji apewe mita ndogo kwa gharama anayoiweza, kwa kulipa pole pole, ama kiwango cha uniti 75 kizidishwe kwa idadi ya wapangaji.

Tatu, tudai kwamba kodi ya jengo imwangukie mwenye jengo kwa nguvu ya sheria. Ikiwa lazima ikatwe katika luku, basi risiti ya makato iwe hati halali ya kupunguza kodi ya chumba, na mwenye nyumba akikataa, pawe na mahali pa kushitaki pasipohitaji wakili.

Nne, anayeacha makaa asiadhibiwe. Uniti za kupikia zipewe bei yake, kama walivyofanya jirani zetu.

Tano, mikutano ya kupanga bei ifanywe mahali watu walipo. Sheria yataka maoni ya wananchi yasikilizwe kabla ya bei kubadilishwa, na EWURA huku na ZURA huko kwenu zina wajibu huo. Mkutano ukiitishwa, chama kipeleke mama wa jikoni na mvuvi na mpangaji, wenye risiti mikononi, wala kisipeleke wasema maneno peke yao. Mdhibiti aweza kuipuuza hotuba. Risiti mia moja za wapangaji zilizopangwa mezani si rahisi kuzipuuza.

Wako watakaosema kuwa mambo haya ni madogo, na kwamba chama kikishika dola yatajinyoosha yenyewe. Sikubaliani nao. Serikali zote huandika bei kwa kalamu moja, na kalamu hiyo huwafuata wale wanaoonekana. Mpangaji wa chumba kimoja hakuonekana mwaka 2016 madaraja yalipoandikwa, wala mwenye kibatari hakuonekana mwaka 2011 ushuru ulipopandishwa. Hawakuchukiwa, hawakuwamo tu katika hesabu. Kazi ya chama, kikiwa nje ya serikali na hata siku kitakapoingia ndani, ni kuwatia watu hawa katika hesabu.

Ikiwa leo hatuwezi kudai uniti 75 za mpangaji wa Ujiji na za mpangaji wa Ng'ambo, hiyo dola tutaidai kwa ajili ya nani?